Meli Iliyoombwa Radhi, Majahazi Yasiyoulizwa

Fungua ramani ya Afrika utafute latitudo ya 22 kusini mwa ikweta. Inakatiza Msumbiji, inapita kusini kabisa mwa Zimbabwe, na inakaribia kugusa mto Limpopo pale Afrika Kusini ya leo inapoanzia. Sasa panda juu hadi latitudo ya 20 kaskazini, inayokata Sahara na kutokea Bahari ya Shamu. Katikati ya mistari hiyo miwili, Mkataba Mkuu wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa na risasi zake, isipokuwa kwa idhini ya serikali zilizokuwa zinatawala au zilizokuwa njiani kuja kutawala. Karibu kila Mwafrika mweusi aliyekuwa bado na nchi ya kutetea aliangukia ndani ya eneo hilo. Makaburu, walowezi Wazungu wa jamhuri za Transvaal na Orange Free State, wakabaki nje, kusini kidogo tu ya mstari.

Sidhani kama ni bahati.

Mkataba ule ule, katika vifungu vyake vya biashara ya watumwa, uliwapa wanamaji wa mataifa yaliyotia saini ruhusa ya kusimamisha na kupekua vyombo katika Bahari ya Hindi ya magharibi, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Ruhusa hiyo ilikuwa na kikomo kimoja kidogo ambacho wasomaji wengi hukiruka: chombo kiwe chini ya tani 500. Jahazi lolote la Lamu, Zanzibar, Kilwa au Sur ya Oman liko chini ya tani 500. Meli ya moshi ya Ulaya kwa kawaida iko juu. Hawakuandika popote kwamba Mwarabu na Mswahili watapekuliwa na Mzungu ataachwa apite. Waliandika tani, na tani zikafanya kazi hiyo.

Naanza na mkataba huu kwa sababu bila huo kisa cha Bundesrath, meli ya Kijerumani iliyokamatwa na Waingereza Desemba 1899, kinasomeka vibaya. Vitabu vya historia ya Ulaya hukieleza kama ugomvi wa mabwana wawili, Uingereza na Ujerumani, kuhusu sheria ya bahari. Ni kweli, lakini meli yenyewe ilikuwa ya njia yetu, ilipita bandari zetu, na kelele zilizopigwa kwa ajili yake zina maana nyingine ukizisikiliza ukiwa Pangani kuliko ukiwa Berlin.

Vita vya Uingereza na Makaburu vilianza Oktoba 1899. Transvaal haikuwa na bahari. Mlango wake ambao Mwingereza hakuushika ulikuwa Lourenço Marques, ambayo ni Maputo ya leo, kwenye Ghuba ya Delagoa, na reli ya kutoka hapo hadi Pretoria ilikuwa imefunguliwa rasmi mwaka 1895. Bandari ilikuwa mali ya Ureno, na Ureno haikuwa vitani. Uingereza isingeweza kuizingira bandari ya nchi isiyopigana nayo. Ilichoweza kufanya ni kuweka manowari nje ya ghuba na kusimamisha kila chombo kilichotiliwa shaka.

Kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie ilikuwa imeanzishwa Hamburg mwaka 1890, ikipewa na serikali yake ruzuku ya mark 900,000 kwa mwaka. Meli zake zilikatiza Mfereji wa Suez, zikapitia Aden, zikatia nanga Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, kisha zikashuka Msumbiji hadi Delagoa na Durban. Majina yake yalikuwa kama orodha ya vyeo: Kaiser, Kanzler, General, Reichstag, Bundesrath. Kwa watu wa pwani zilikuwa meli za kawaida zilizoleta barua, vitambaa na maofisa wapya, zikaondoka na pembe za ndovu, mpira na ngozi.

Mapema Desemba 1899, taarifa zikaanza kwenda kwa wakuu wa wanamaji wa Uingereza kutoka Aden kwamba Bundesrath imepita ikielekea Delagoa. Silaha zilishukiwa, lakini hakuna aliyeziona. Kulikuwa na abiria Waholanzi na Wajerumani waliodhaniwa kuwa wanakwenda kujiunga na Makaburu. Ushahidi wote ulikuwa huo. Siku za mwisho za mwezi huo, manowari Magicienne ikaikamata karibu na Ghuba ya Delagoa na kuipeleka Durban. Tarehe 4 Januari 1900 wakaizuia General ikiwa Aden na kuanza kupekua shehena yake. Tarehe 6 Januari Herzog nayo ikaletwa Durban. Hii ya tatu ilikuwa na vikundi vya matabibu wa kwenda kuhudumia majeruhi, na miongoni mwa abiria alikuwamo gavana wa Kireno wa Zambezia. Hebu fikiria: unaikamata meli kwa kushuku kwamba inamsaidia adui, ukifungua mlango wa chumba cha daraja la kwanza unamkuta ofisa wa nchi ambayo umeshafunga nayo mkataba wa siri.

Mkataba wa siri ulikuwepo kweli. Tarehe 14 Oktoba 1899, siku chache baada ya vita kuanza, Ureno ilikuwa imeiahidi Uingereza kwamba haitaruhusu silaha za Transvaal kupita Delagoa. Kwa hiyo mlango ambao wanamaji walikuwa wanaulinda kutoka nje ulikuwa umekwisha kufungwa kwa ndani. Hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema kwamba ukamataji huu ulilazimishwa na vita. Ulilazimishwa zaidi na hofu, na hofu ile ilikuwa na tarehe zake: kati ya 10 na 17 Desemba majeshi ya Uingereza yalipigwa mara tatu mfululizo, Stormberg, Magersfontein na Colenso. Jeshi la dola kubwa kuliko zote duniani likishindwa na wakulima, mtu huanza kutafuta aliyewapa bunduki.

Na bunduki zilikuwa zimefika kitambo. Baada ya uvamizi wa Jameson mwishoni mwa 1895, jaribio la Waingereza kuipindua serikali ya Transvaal, rais wake Paul Kruger alinunua bunduki takribani 37,000 za Mauser kutoka Ujerumani. Mizinga minne mikubwa ya milimita 155 iliagizwa kwa kampuni ya Schneider ya Le Creusot, Ufaransa. Mizinga midogo ya kufyatua mfululizo, ile iliyowatesa sana askari wa Uingereza, ilitengenezwa na kampuni ya Kiingereza. Vyote viliingia mchana kweupe kabla ya vita, vikalipiwa ushuru, vikapandishwa treni. Wanamaji waliokuwa wakifungua masanduku Durban Januari 1900 walikuwa wanatafuta mzigo uliowatangulia kwa miaka mitatu. Waliishusha shehena ya Bundesrath, wakapekua, wasikute kitu. Tarehe 18 Januari wakaiachia.

Wakati masanduku yanafunguliwa, wanasheria walikuwa wanapigana vita vyao. Balozi wa Ujerumani mjini London, Paul von Hatzfeldt, alileta hoja iliyosikika safi: meli imetoka Hamburg, bandari ya nchi isiyo vitani, inakwenda Lourenço Marques, bandari ya nchi isiyo vitani. Kati ya bandari mbili za namna hiyo hakuwezi kuwa na magendo ya vita, yaani mzigo wa adui unaoruhusiwa kukamatwa, hata kama meli imejaa mizinga. Tena, Wajerumani wakaongeza, mwongozo wenu wenyewe wa wanamaji, uliochapishwa mwaka 1888, unasema hivyo hivyo: mwisho wa safari ya meli ndio unaoamua mwisho wa safari ya mzigo. Lord Salisbury, aliyekuwa Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Nje kwa wakati mmoja, akajibu kwamba mwongozo ule ni maelekezo kwa manahodha, si sheria nzima, na kwamba kinachotazamwa ni mahali mzigo unapokwenda hatimaye. Ili kumkera mwenzake akamnukuu Bluntschli, mwanasheria aliyefundisha Heidelberg.

Hoja ya Salisbury haikuwa ngeni. Wamarekani walikuwa wameitumia dhidi ya Waingereza wenyewe wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1863 waliikamata meli ya Kiingereza Peterhoff iliyokuwa inakwenda Matamoros, Mexico, ng'ambo tu ya mto kutoka Texas ya waasi, na mahakama yao kuu ikaamua kwamba silaha zilizomo zilikusudiwa kuvuka mto. Waitalia nao waliitumia karibu zaidi na kwetu. Agosti 1896, miezi michache baada ya kupigwa na Waethiopia Adwa, waliikamata kwenye Bahari ya Shamu meli ya Kiholanzi iitwayo Doelwijk, iliyobeba maelfu ya bunduki kuelekea Djibouti. Djibouti ilikuwa ya Wafaransa, lakini kila mtu alijua Wafaransa hawakuhitaji bunduki zile. Zilikuwa za Menelik, mfalme wa Ethiopia. Mahakama ya Roma iliyosikiliza mashauri ya meli zilizotekwa ikasema Desemba mwaka huo kwamba ukamataji ulikuwa halali, ila kwa kuwa amani ilikwisha kutiwa saini Addis Ababa mwezi Oktoba, mali isitaifishwe.

Msomaji wa Mombasa hahitaji kurudi karne ya 19 kuielewa hoja hii. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Ukraine iliyoitwa Faina, ikiwa na vifaru 33 aina ya T-72. Nairobi ikasema vifaru ni vya jeshi la Kenya. Kwenye hati za mkataba kulikuwa na herufi zilizowafanya watu wengi wasome Serikali ya Sudan Kusini, na wakubwa wakatoa maelezo mengine ya herufi hizo ambayo mpaka leo sijakutana na mtu anayeyaamini. Meli ilishushiwa mzigo Mombasa Februari 2009. Swali lilikuwa lile lile la Delagoa: nchi isiyo na bahari, bandari ya jirani, reli na barabara ya kwenda bara, na kila mmoja akijifanya haoni mbele ya gati. Tofauti ni kwamba safari hii mpekuzi alikuwa haramia, naye hakutaka mjadala wa sheria. Alitaka dola.

Kisheria, nadhani Salisbury ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Dunia ikishakuwa na reli, kusema safari ya mzigo inaishia gatini ni mzaha. Ila alikuwa na hoja nzuri juu ya meli mbaya. Na hoja nzuri haikumsaidia, kwa sababu Ujerumani haikuwa inabishania hoja. Bernhard von Bülow, Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa Windsor na Kaisari Wilhelm II Novemba hiyo hiyo ya 1899, wakila na kucheka na familia ya kifalme. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1898, serikali hizo mbili zilitia saini makubaliano ya siri ya jinsi zitakavyogawana makoloni ya Ureno endapo Ureno itafilisika. Kruger, aliyepelekewa telegramu ya pongezi na Kaisari mwaka 1896, alikwisha kuachwa peke yake. Berlin haikuwa na nia ya kuwapigania Makaburu. Ilichokihitaji wakati huo ni sababu ya kuwafanya raia wake walipe kodi ya manowari.

Mpango wa kulikuza jeshi la majini ulikuwapo kabla Magicienne haijaiona Bundesrath. Kaisari aliuzungumzia hadharani Hamburg Oktoba 1899, na Admiral Tirpitz, mkuu wa ofisi ya majini ya Ujerumani, alikuwa na hesabu zake mezani. Kilichokosekana ni hasira. Meli tatu za posta kuzuiwa ndani ya wiki mbili, bendera ya taifa ikitikiswa, magazeti yakipiga kelele: nani angeomba zaidi? Tarehe 19 Januari, siku moja baada ya Bundesrath kuachiwa, Bülow alisimama bungeni kutangaza kwamba Uingereza imesikitika, imekubali kulipa fidia, na imeahidi kutozisimamisha tena meli Aden au mahali popote palipo mbali hivyo na uwanja wa vita, wala kuzigusa meli za posta kwa shaka tupu. Kabla mwezi haujaisha, muswada wa manowari ulikuwa umewasilishwa. Juni 1900 ukawa sheria: manowari kubwa za kivita kutoka 19 hadi 38. Mwenye kutaka kujua vita vya 1914 vilipikwa wapi asiisahau Durban.

Angalia lakini jambo hili. Salisbury aliiachia meli lakini hakuiachia hoja. Bülow alipata meli lakini hakupata kukubaliwa kwamba bandari isiyo vitani inausafisha mzigo. Kila mmoja alibaki na sheria yake mfukoni, kilichosogea ni meli tu. Uingereza iliomba radhi kwa sababu ilikuwa inapigwa Natal, ilikuwa peke yake barani Ulaya, na haikumudu mgogoro wa pili.

Sasa tugeuke tutazame upande ambao Bülow hakuutaja bungeni.

Miaka kumi na moja kabla ya kilio cha Bundesrath, Ujerumani yenyewe ilikuwa imekaa mahali pa Magicienne. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua usimamizi wa ushuru wa pwani kwa mkataba na Sultani Khalifa bin Said, maofisa wake wakaanza vituko Pangani, watu wakakataa. Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi Pangani, Bwana Heri akashika Sadani, na upinzani ukaenea pwani ya Mrima hadi kusini. Tarehe 2 Desemba 1888 Ujerumani na Uingereza, bega kwa bega, zikatangaza kuizingira pwani. Sababu rasmi zilikuwa mbili: kuzuia watumwa wasitoke na kuzuia silaha zisiingie. Mzingiro ulidumu hadi tarehe 1 Oktoba 1889. Kwa miezi kumi kila jahazi kati ya visiwa na bara lilisimamishwa, likapekuliwa, na nahodha akaulizwa maswali na mabaharia wasiojua lugha yake.

Hapakuwa na vita vilivyotangazwa. Hapakuwa na tofauti ya bandari iliyo vitani na isiyo vitani, kwa sababu Zanzibar na Mrima, kwa maandishi, zilikuwa za sultani mmoja. Jahazi lililotoka Zanzibar kwenda Sadani lilikuwa linatoka nyumbani kwenda nyumbani. Sultani alitoa idhini, ndiyo, akiwa na manowari mbele ya dirisha la kasri. Hakuna Hatzfeldt aliyekwenda kokote kusema kwamba mzigo hauna hatia mpaka utakapothibitishwa. Fidia ya jahazi lililocheleweshwa, mchele uliolowa, msimu wa kaskazi uliopotea? Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na taifa la hao waliomnyonga ndilo lililopata, miezi minne baadaye, kampuni ya meli ambayo heshima yake ilipaswa kulindwa na dunia nzima.

Nisieleweke vibaya. Silaha zilizoingia Zanzibar miaka ile hazikuwa za ukombozi. Euan-Smith, konseli wa Uingereza kisiwani, alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka, na hata ukipunguza chumvi ya konseli anayetaka kusikilizwa London, bado ni nyingi. Nyingi zilikwenda kwa misafara iliyoteketeza vijiji kuanzia Unyamwezi hadi Manyema. Abushiri mwenyewe alikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Anayetaka kumfanya malaika ana kazi. Lakini zilikuwa zinauzwa na nani? Makampuni ya Ulaya, ya Hamburg yakiwemo, yaliyokuwa na maghala Zanzibar na yaliyofurahi kuuza bunduki zilizopitwa na wakati kwa yeyote mwenye pembe. Marufuku ya silaha ilikuja pale tu mnunuzi alipoanza kuzielekeza kwa muuzaji. Huko Brussels walizungumza sana juu ya mateso ya watumwa, na nakubali baadhi yao walimaanisha. Kifungu cha silaha, hata hivyo, kilizaa matunda yake hasa mwaka 1905, watu wa kusini walipowakabili Wajerumani wenye bombomu, yaani bunduki za rasharasha, katika Vita vya Maji Maji wakiwa na mikuki, magobori na maji.

Biashara ilipobanwa Afrika ilihama. Ilikwenda Djibouti, na zaidi ilikwenda Muscat, ambako mkataba wa Brussels haukufika. Kutoka Muscat bunduki zilivuka kwenda Makran, Baluchistan, hadi mpaka wa Afghanistan, ambako makabila yalizitumia dhidi ya jeshi la Kiingereza la India. Na hapa ndipo pana kisa kinachowahusu moja kwa moja watu wa pwani yetu, maana manahodha wa Sur, Oman, walikuwa wageni wa kila msimu Zanzibar, Pemba na Lamu. Wenye akili zao waligundua udhaifu mmoja wa mpekuzi: anaogopa bendera. Ufaransa ilikuwa imekataa vifungu vya mkataba vilivyoruhusu wageni kupekua vyombo vyake. Basi wakaenda Obock, Djibouti na Mayotte kuchukua karatasi za Kifaransa, wakapandisha rangi tatu mlingotini, na manowari ya Kiingereza ikawa inawatazama wakipita.

Uingereza ilikasirika kwa miaka, Sultani Faisal bin Turki akabanwa katikati, na mwishowe shauri likapelekwa kwenye mahakama ya usuluhishi The Hague. Uamuzi wa tarehe 8 Agosti 1905 ulikuwa wa kupima kwa kijiko: kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipouthibitisha mkataba wa Brussels, Ufaransa iliweza kumpa bendera yake yeyote iliyemtaka kwa masharti yake. Baada ya hapo ni kwa wale tu waliokuwa chini ya hifadhi yake kwa maana ya zamani. Huu ndio ushindi pekee, tena nusu, ambao wamiliki wa majahazi waliwahi kuupata, na waliupata kwa sababu waliazima bendera ya mtu anayeogopwa. Ndani ya mahakama hapakuwa na hata mmoja wao. Kwenye jalada, shauri lilikuwa la Uingereza na Ufaransa.

Wasiokuwa na bendera ya kuazima waliona cha moto. Kuanzia 1909 Uingereza iliweka manowari kwenye Ghuba kuwasaka wabeba bunduki. Desemba 1910 manowari Hyacinth ilifika Dubai kwa habari kwamba kuna silaha zimefichwa mjini. Askari wakateremka tarehe 24 kupekua nyumba. Watu wakapinga, risasi zikarushwa, manowari ikapiga mizinga. Waliokufa upande wa Dubai walikuwa 37, Waingereza wachache. Kisha sheikh wa Dubai, Butti bin Suhail, akadaiwa bunduki 400 na faini ya rupia 50,000.

Weka kesi hizo mbili mezani. Durban: taarifa za kushuku, upekuzi, hakuna kitu, radhi, fidia kwa mwenye meli. Dubai: taarifa za kushuku, upekuzi, mji umepigwa, na anayelipa ni aliyepigwa. Kati yake kuna miaka 11 tu, na ni jeshi lile lile la majini. Sioni namna sheria inavyoweza kuelezea tofauti hiyo, ila uwezo wa kupiga kelele unaielezea vizuri sana.

Mataifa makubwa yenyewe yalijaribu kurekebisha kasoro iliyowasumbua wao. Azimio la London la 1909 liligawa magendo ya vita mafungu mawili. Silaha zenyewe zingeweza kukamatwa hata zikipitia bandari ya nchi isiyo vitani, kama alivyotaka Salisbury. Vyakula, mafuta na vitu vingine vyenye matumizi mawili vingelindwa, kama alivyotaka Hatzfeldt, isipokuwa pale ambapo adui hana pwani. Kifungu hicho cha 36 ukikisoma unaiona Transvaal imekaa humo, ingawa wakati huo Transvaal kama jamhuri ilikwisha kufa. Mabwana wa baraza la juu la Uingereza wakaukataa muswada uliohusiana nalo Desemba 1911, na azimio likabaki karatasi.

Vita vikaja. Pwani ya Wajerumani ikazingirwa kuanzia tarehe 1 Machi 1915, na safari hii walikuwa wao waliohitaji magendo. Walichukua meli ya Kiingereza, Rubens, iliyonaswa Hamburg vita vilipoanza, wakaipaka rangi upya, wakaiita Kronborg na kuipandisha bendera ya Denmark, nchi isiyo vitani. Ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na Aprili 1915 ikafika kaskazini mwa Tanga, Ghuba ya Manza, ikiwa na bunduki, mamilioni ya risasi na makaa ya mawe ya manowari Königsberg iliyojificha Rufiji. Iliyoifukuza hadi ndani ya ghuba ilikuwa Hyacinth, ile ile ya Dubai. Nahodha akaizamisha kwenye kina kifupi, sitaha ikawaka moto, Waingereza wakadhani kazi imekwisha wakaondoka. Wajerumani wakarudi na wapiga mbizi, wakaopoa sehemu kubwa ya mzigo, wakafungua risasi zilizolowa na kuzikausha. Zikaondoka Manza vichwani mwa wapagazi wa pwani, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akaendelea kupigana mpaka Novemba 1918. Katika mabishano yote haya ya miaka thelathini kuhusu nani anaruhusiwa kubeba nini na kwenda wapi, wapagazi wale hawamo kwenye kifungu hata kimoja.